Injini Ndogo ya Mvuke Ikikataa Kwenda: Namna ya Kutafuta Kosa

Kijana mmoja alitumia miezi mitano kujenga injini ndogo ya mvuke kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya kuiwasha, jamaa zake walikusanyika uani kutazama. Maji yakachemka, mvuke ukaanza kulia, naye akalisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka mara tatu, likatema matone ya maji, likasimama. Akalisukuma tena, likasimama tena.

Mdogo wake akasema, "Kaka, moto ni haba." Wakauongeza moto, lakini gurudumu halikwenda. Mwingine akaonyesha kilango cha usalama juu ya boila, akasema, "Mvuke unapotea bure pale. Na tukifunge kwa waya." Kijana alikuwa amekwisha shika waya na koleo, ndipo mzee mmoja jirani, fundi wa baiskeli, alipomzuia mkono.

"Mwanangu," akamwuliza, "mpira wa baiskeli yako ukitoboka, huongeza upepo ama hutafuta tundu?"

"Hutafuta tundu, mzee."

"Basi weka waya chini, zima moto, tutafute tundu."

Walipotafuta kwa utaratibu waliona makosa matatu, wala hakuna hata moja lililotokana na uchache wa mvuke. Tutayataja makosa hayo mwishoni mwa somo hili. Kwanza yatupasa kujifunza njia waliyoifuata, maana njia hiyo itamfaa kila mtu mwenye injini inayogoma, na huenda ikamwokoa macho yake au uhai wake.

SEHEMU ZA INJINI NA KAZI ZAKE

Injini tunayoizungumzia hapa ndiyo iliyo nyepesi kupita zote kujengwa nyumbani, nayo ni ile yenye silinda inayotikisika. Bamba la shaba husimama wima. Silinda hushikwa ubavuni mwa bamba hilo kwa kipini kimoja na springi, hata iweze kutikisika huku na huku kama ulimi wa kengele. Kipini hicho tukiite egemeo. Ndani ya silinda mna pistoni, na fito ya pistoni hushikamana na kijiti kilichopigiliwa karibu na ukingo wa kisahani. Kisahani hukaa kwenye ekseli, na upande wa pili wa ekseli hukaa gurudumu zito.

Silinda ina tundu moja ubavuni, upande unaogusa bamba. Bamba lina matundu mawili: moja la kuingizia mvuke kutoka katika boila, na la pili la kuutoa nje mvuke uliokwisha fanya kazi. Silinda ikielekea upande mmoja, tundu lake hukutana na tundu la kuingizia, mvuke ukaisukuma pistoni. Ikielekea upande wa pili, tundu lake hukutana na tundu la kutolea, mvuke ukatoka. Katikati ya safari, silinda inaponyooka sawasawa, matundu yote hufungwa. Hapo mvuke hausukumi kitu, na nguvu ya mwendo wa gurudumu zito peke yake ndiyo inayoivusha injini. Kwa sababu hii injini ya namna hii hupaswa kuanzishwa kwa kidole; hilo si kosa.

KABLA YA YOTE: BOILA ILIYO SALAMA

Maji yakigeuka mvuke hutanuka sana. Kikombe kimoja cha maji, kikichemka chote mahali palipo wazi, hutoa mvuke wa kujaza vikombe 1,600 hivi. Ukiyafungia maji hayo ndani ya chombo juu ya moto, mvuke husukuma kila upande ukitafuta njia ya kutoka.

Tuseme boila yako ina msukumo wa ratili 15 kwa kila inchi moja ya mraba. Ratili moja ni pungufu kidogo ya nusu kilo, kwa hiyo msukumo huo waonekana mdogo. Lakini kifuniko cha boila chenye upana wa inchi 3 kina eneo la inchi 7 za mraba, na zaidi kidogo. Basi kifuniko hicho husukumwa kwa nguvu ya ratili 106, yaani karibu kilo 48. Hiyo ni zaidi ya nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Ni nani atakayeuegemeza mzigo huo juu ya kopo la maziwa lililozibwa kwa risasi?

Kwa hiyo kopo la maziwa, la rangi au la mafuta lisitumiwe kuwa boila. Boila njema hutengenezwa kwa bomba la shaba nyekundu lenye unene wa kutosha, na viungo vyake hulehemiwa kwa lehemu ya fedha na fundi aijuaye kazi hiyo. Lehemu laini ya risasi na bati huanza kuyeyuka penye joto la digrii 183. Mvuke wenye msukumo wa ratili 15 una joto la digrii 121 tu, na mtu aweza kudhani kwamba yu salama. Lakini maji yakiisha ndani ya boila hapana kitu cha kulizuia joto la shaba lisipande, na viungo vya lehemu laini huachana kwa ghafula.

Boila mpya ipimwe kwa maji baridi. Ijaze hata isibaki hewa yo yote ndani, kisha isukumwe kwa pampu ya maji hata kufikia mara mbili ya msukumo utakaotumika. Maji hayashindiliki kama hewa. Kiungo kikiachia, maji yatachuruzika tu, wala hapatakuwa na mshindo. Usiipime boila kwa upepo wa pampu, kwa maana upepo ulioshindiliwa ukipasua chombo hurusha vipande.

Halafu kuna kilango cha usalama. Kilango hiki ni tundu lililofunikwa kwa kizibo chenye uzito au springi. Tundu likiwa na upana wa robo inchi, mvuke wa ratili 15 huweza kuinua karibu robo tatu ya ratili. Basi springi ikiwekwa iachie kwa nguvu hiyo, msukumo hauwezi kupita ratili 15. Mvuke unapotoka hapo haupotei bure. Kilango kinafanya kazi yake. Mwaka 1831 huko South Carolina, Marekani, injini ya gari la moshi iliyoitwa Best Friend of Charleston ilipasuka boila. Husimuliwa kwamba mchochea moto wake alichoshwa na mlio wa kilango cha usalama, akakizuia kisifunguke. Mtu huyo alikufa kwa majeraha aliyoyapata. Waya aliokuwa ameushika kijana wetu ungefanya kazi ile ile.

Ukiwa na hakika na boila yako, iweke kando. Makosa mengi hupatikana pasipo moto wo wote.

JARIBIO LA KWANZA: INJINI IKIWA BARIDI

Injini ndogo ina nguvu kidogo, na msuguano mdogo huweza kuimaliza nguvu hiyo yote. Kwa hiyo anza kwa kuuliza: je, sehemu zake hutembea bila kusuguana?

Toa fito ya pistoni kwenye kijiti cha kisahani, kisha lizungushe gurudumu peke yake. Yapasa liende muda mrefu na kusimama polepole. Likisimama upesi, kosa li kwenye ekseli: imepinda, au matundu yake hayakunyooka, au ni makavu, hayana mafuta. Usiendelee mbele mpaka umelirekebisha.

Kisha rudisha fito mahali pake, uzungushe tena polepole kwa kidole. Injini ikiwa nzito mzunguko wote, yamkini springi ya egemeo imekazwa mno au pistoni inabana. Ikiwa nzito mahali pamoja tu katika kila mzunguko, basi kuna kitu kilichopinda, au kijiti cha kisahani hakikusimama wima. Ukisikia mlio wa kugonga kila mzunguko, pistoni inafika mwisho wa silinda kabla ya wakati wake. Punguza urefu wa fito kidogo kwa tupa.

Sasa ipime pistoni. Iondoe silinda kwenye bamba, tia tone la mafuta ndani, ziba tundu lake kwa kidole, kisha uivute pistoni nje kidogo na kuiachia. Pistoni njema hurudi yenyewe, maana hewa ya nje huisukuma ndani. Ikibaki pale pale, imelegea na mvuke utapita ubavuni mwake. Hapo ikate mfereji mwembamba kuizunguka, uzungushie humo uzi wa pamba uliolowekwa mafuta. Ikiwa inabana, isugue ndani ya silinda kwa dawa ya kung'arishia shaba, halafu uoshe vyote kwa uangalifu hata isibaki chembe ya dawa. Chembe zikibaki zitaendelea kula shaba kila siku.

JARIBIO LA PILI: UPEPO WA BAISKELI

Hapa ndipo fundi wa baiskeli alipomfundisha kijana jambo la maana. Upepo huweza kuizungusha injini kama mvuke, lakini upepo hauunguzi, wala haugeuki maji. Jaza upepo katika mpira wa ndani wa baiskeli, uunge mpira huo na bomba la kuingizia mvuke, kisha uufungulie upepo polepole. Injini isiyokwenda kwa upepo haitakwenda kwa mvuke, na mwenye kuwasha moto kabla ya jaribio hili anapoteza mafuta yake bure.

Injini ikikataa kwenda kwa upepo, paka povu la sabuni kila mahali penye kiungo, kama vile fundi atafutavyo pancha. Mapovu yakitokea kwenye bomba, kiungo hakikuziba. Yakitokea kati ya silinda na bamba, basi umefika penye ugonjwa wa kawaida kuliko yote wa injini hizi.

Nyuso hizo mbili hazina kitu cha kuziba kati yao. Hutegemea kunyooka kwake tu. Ili kujua kama zimenyooka, changanya masizi ya taa na tone la mafuta, paka uso mmoja utando mwembamba, uusugue juu ya uso wa pili mara moja, kisha utazame. Mahali palipoinuka patapata weusi, na mahali palipobonyea patabaki safi. Twaa kioo cha dirisha kilicho bapa, weka juu yake karatasi ya msasa laini iliyotiwa mafuta, uusugue uso wa silinda kwa kuuzungusha kama nane ya hesabu. Usitumie tupa, kwa kuwa mkono hauwezi kuisukuma tupa pasipo kuyumba, na ukingo utakuwa mviringo. Endelea mpaka weusi uenee uso mzima.

Baada ya hapo uiangalie springi. Ikilegea, mvuke huisukuma silinda mbali na bamba na kutokea hapo kwa mlio. Ikikazwa mno, msuguano huila nguvu yote. Anza ikiwa imelegea, upepo ukiwa unaingia, uikaze nusu mzunguko kwa wakati mmoja. Upepo ukiacha kutoka, acha kukaza. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," lakini pia azibaye kupita kiasi huufunga mlango.

MATUNDU YAKITOBOLEWA PASIPO MAHALI PAKE

Ikiwa hapana mahali panapovuja, na sehemu zote hutembea vyema, lakini injini hutoa mlio na kusimama, yachunguze matundu. Kwanza pitisha waya mwembamba katika kila tundu, maana mara nyingi tone la lehemu huingia humo wakati wa kuliunga bomba, na kwa nje halionekani.

Kisha fanya hesabu hii nyepesi. Pima urefu kutoka egemeo hata katikati ya ekseli. Tuseme ni inchi 2. Pima kutoka katikati ya ekseli hata kijiti cha kisahani. Tuseme ni nusu inchi. Nusu ni robo ya 2. Basi tundu la silinda litatembea kwa kiasi cha robo ya urefu uliopo kati yake na egemeo. Urefu huo ukiwa robo tatu ya inchi, tundu litakwenda sehemu 3 za 16 za inchi kila upande kutoka katikati. Hapo ndipo mahali pa kutoboa matundu mawili ya bamba: moja kushoto kwa sehemu 3 za 16, na la pili kulia kwa kiasi hicho hicho.

Je, tundu lenyewe liwe na upana gani? Katika mfano huu, upana wa inchi moja ya nane wafaa. Silinda inaponyooka, tundu lake litakaa katikati pasipo kuligusa lo lote kati ya yale mawili. Lakini ukiyapanua matundu kwa tamaa ya kuingiza mvuke mwingi, litakuja kuyagusa yote mawili kwa wakati mmoja, na mvuke utapita moja kwa moja kutoka boila hata nje. Mtu husikia mlio mkubwa, akasifu nguvu ya mvuke, na kumbe mvuke haukuigusa pistoni.

Injini ikienda vizuri lakini kwa kuelekea upande usioutaka, hapana kosa. Badilisha bomba la mvuke liingie tundu la pili, nayo itageuka.

JARIBIO LA TATU: MVUKE, NA HABARI YA JAMES WATT

Yawezekana injini ikaenda kwa upepo vizuri kabisa, lakini ikitiwa mvuke izunguke mara chache na kusimama. Aliyepatwa na jambo hili asione haya, kwa sababu lilimpata mtu mashuhuri kuliko sisi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 hadi 1764, James Watt, aliyekuwa fundi wa vyombo vya elimu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, alipewa kazi ya kutengeneza injini ndogo ya mfano. Mfano huo uliiga injini iliyobuniwa na Thomas Newcomen, ambayo ilianza kufanya kazi mwaka 1712 kwa kuvuta maji migodini. Injini kubwa za namna hiyo zilifanya kazi mchana na usiku, lakini ile ndogo ilikwenda mara chache tu ikasimama, ingawa boila yake ilionekana kutosha. Watt hakuongeza moto tu na kuiacha. Alipima maji yaliyochemka, akapima mvuke uliotumika, akaona kwamba mwingi wake ulipotea kwa kuipasha moto silinda iliyopoa.

Sababu mojawapo ni hii. Silinda ikipunguzwa nusu kwa urefu na nusu kwa upana, eneo la kuta zake hubaki robo, lakini nafasi ya ndani hubaki sehemu moja ya nane tu. Maana yake, katika silinda ndogo kila kiasi cha mvuke hukutana na shaba baridi maradufu. Mvuke ukiigusa shaba hiyo hurudi kuwa maji, na nguvu yake huisha kabla haijaisukuma pistoni. Kutokana na uchunguzi huo Watt alibuni chombo cha kuupoza mvuke mbali na silinda, ili silinda yenyewe ikae moto daima, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1769. Mfano ule umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hunterian huko Glasgow. Injini ndogo iliyogoma ilizaa injini kubwa zilizogeuza viwanda vya dunia, kwa kuwa fundi wake aliuliza sababu.

Basi, kabla ya kuitaka injini yako izunguke, ipashe moto silinda. Fungulia mvuke kidogo, ulizungushe gurudumu kwa mkono mara ishirini au thelathini. Mwanzoni itatema maji. Endelea mpaka utoke mvuke mtupu. Hata magari makubwa ya moshi yalifanya hivyo. Wazee waliopanda treni za mvuke kati ya Mombasa na Kisumu hukumbuka jinsi injini ilivyotoa mawingu meupe chini ubavuni ilipoanza kuondoka stesheni. Dereva alikuwa amefungua vilango vidogo vya silinda ili maji yatoke. Atakaye kuziona injini hizo na aende Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko ipo injini Mount Gelai, moja ya injini 34 za namna yake zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956, na uzito wake ni tani 252 hivi. Ukubwa huo wote haukuiepusha na shida ya maji ndani ya silinda.

Bomba la mvuke nalo liwe fupi, na lifungwe kwa uzi mnene wa pamba ili lisipoe. Tia mafuta mazito katika silinda. Mafuta mepesi ya cherehani huoshwa na mvuke mara moja.

MOTO NA MAJI

Ikiwa hayo yote ni mema na injini bado ni dhaifu, sasa ndipo utazame boila na moto wake. Usiijaze boila hata juu. Theluthi mbili yatosha. Ikijaa mno, maji yanayotokota hurushwa pamoja na mvuke hata ndani ya silinda. Tumia maji safi ya mvua, kwa kuwa maji ya kisima huacha ukoko mweupe kama ule wa birika, na ukoko huzuia joto.

Moto wa spiriti ni bora kuliko makaa, maana huzimika mara moja ukitaka. Lakini ndimi zake hazionekani vizuri katika mwanga wa jua. Usiongeze spiriti katika taa iwakayo, wala iliyozimwa sasa hivi, ngoja ipoe. Zima moto kabla maji hayajaisha. Yakiisha kwa bahati mbaya, usitie maji baridi katika boila yenye moto mkali. Iache ipoe yenyewe. Watoto wakae mbali, na mwenye kuiwasha asiinamishe uso wake juu ya boila.

DALILI NA SABABU ZAKE

1. Gurudumu ni zito kwa mkono: ekseli imepinda, springi imekazwa, au pistoni inabana.
2. Mlio kati ya silinda na bamba: nyuso hazikunyooka, au springi imelegea.
3. Mlio mkubwa katika tundu la kutolea, na nguvu haipo: matundu ni mapana mno, au pistoni imelegea.
4. Huenda kwa upepo, husimama kwa mvuke na kutema maji: silinda ni baridi, au boila imejaa mno.
5. Huenda vizuri kisha hudhoofika polepole: maji yanaisha, mafuta yameoshwa, au moto ni mdogo. Zima moto kwanza, kisha utazame maji.

Katika kazi hii yote shika kanuni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu tena, na uandike katika daftari ulichofanya na ulichoona. Ukibadilisha mambo matatu pamoja na injini ikaenda, hutajua lipi lililoiponya. Na ikiharibika zaidi, hutajua lipi lililoiumiza.

MAKOSA MATATU YA KIJANA WETU

La kwanza, povu la sabuni lilionyesha uvujaji kati ya silinda na bamba. Walisugua uso wa silinda juu ya kioo kwa muda wa saa mbili. La pili, waya mwembamba ulikwama katika tundu la kutolea, nao wakatoa tone la lehemu dogo kama punje ya mtama. La tatu, silinda haikupashwa moto kabla ya kuanza. Jioni ile waliwasha moto mdogo kuliko ule wa kwanza. Gurudumu likatema maji kidogo, likasita, kisha likashika mwendo, likaenda mpaka spiriti ilipokwisha. Kilango cha usalama kilikuwa wazi kufanya kazi yake, na ule waya ulitumika kufungia ua wa kuku.

Mtu mwenye hasira huigonga injini, na mtu mwenye pupa huongeza moto. Lakini chuma hakina chuki wala ukaidi. Hufuata sababu zake siku zote. Aziulizaye sababu hizo kwa upole, moja baada ya moja, ndiye anayestahili kuitwa fundi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini boila hupimwa kwa maji baridi wala si kwa upepo?
2. Injini yaenda kwa upepo lakini yakataa mvuke. Utatazama nini kwanza?
3. Egemeo li mbali na ekseli kwa inchi 3, na kijiti cha kisahani ki mbali na katikati ya ekseli kwa nusu inchi. Tundu la silinda li mbali na egemeo kwa inchi moja na nusu. Matundu ya bamba yatobolewe umbali gani kutoka katikati? (Jibu: robo inchi kila upande.)
4. Rafiki yako asema kilango cha usalama kinapoteza mvuke. Utamjibu nini?